Botox, fila au krimu ya usiku: uso wako unataka ipi?

Kabla ya kuuliza bei, nenda kwenye kioo. Simama karibu na dirisha mchana, uso ukiwa hauna poda, kisha kunja ndita kana kwamba umeambiwa umeme umekatika tena na nguo za kazini hazijapigwa pasi. Tazama ile mistari miwili inayosimama kati ya nyusi. Sasa legeza uso kabisa, subiri kidogo, utazame tena. Imeondoka? Hiyo ni mikunjo ya misuli, inakuja na kwenda kwa kadiri unavyonuna na kucheka. Imebaki hata ulipotulia? Basi mkunjo umeshajichora kwenye ngozi yenyewe. Na kama kinachokukera si mstari bali shavu lililoshuka likaacha bonde kutoka puani hadi pembe ya mdomo, hilo ni jambo la tatu, na dawa yake ni nyingine.

Sehemu kubwa ya uamuzi iko hapo. Wengi huanza upande wa pili: wanamwona dada fulani kwenye simu, paji limenyooka, wanauliza alichoma nini, halafu wanaenda kliniki kuomba hicho hicho. Sindano inayofaa paji la uso haiwezi kunyanyua shavu. Ile ya kunyanyua shavu, ikipelekwa kati ya nyusi na mkono usiojua, inaweza kumpofusha mtu. Hilo la upofu nitalieleza mbele, kwa sababu ndilo matangazo yanalolikwepa.

Inayolaza misuli na inayojaza bonde

Watu husema Botox wakimaanisha kundi zima. Kuna Botox yenyewe, Dysport, Xeomin, Jeuveau, Daxxify na nyinginezo. Zote zinatokana na sumu ya botulinamu, sumu ya bakteria wale wale wanaoua watu kupitia chakula cha kopo kilichoharibika, ila hapa imesafishwa na kupimwa kwa kiasi kidogo mno. Haikuanzia kwenye urembo. Daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, aliitumia kutibu makengeza, na Marekani ikaiidhinisha mwaka 1989 kwa makengeza na kwa watu ambao kope zao zinajifumba bila hiari. Kule Vancouver, Kanada, Jean Carruthers, naye daktari wa macho, alikuwa akiwachoma wagonjwa wa kope, na ikaonekana kuwa ndita zao zinatoweka. Mumewe, Alastair, alikuwa daktari wa ngozi. Wakaandika matokeo yao mwaka 1992, na miaka kumi baadaye, 2002, Botox ikaidhinishwa Marekani kwa mistari ya kati ya nyusi.

Kazi yake ni moja. Mshipa wa fahamu unapotaka msuli ujikunje hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu hii inazuia kemikali hiyo isitoke, na msuli unabaki umelala. Haijazi kitu, haivuti ngozi, haiongezi unyevu. Utaanza kuona mabadiliko baada ya siku chache, picha kamili ni baada ya wiki mbili hivi, na kwa kawaida inaisha baada ya miezi mitatu au minne. Daxxify, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, kwa watu wengi hukaribia miezi sita.

Mahali pake ni theluthi ya juu ya uso: ndita, mistari inayolala kwenye paji, na ile mikunjo ya pembeni mwa macho inayotokea ukicheka. Ukiomba ichomwe kwenye bonde la kando ya mdomo, daktari mzuri atakataa, maana misuli ya pale ndiyo unayotumia kutabasamu, kunywea kwa mrija na kutamka maneno.

Fila ni habari nyingine. Fila nyingi za siku hizi ni jeli ya asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho mwili wako unacho tayari kwenye ngozi na kwenye viungo vya mifupa, na sifa yake kubwa ni kushika maji. Haigusi misuli. Inaingizwa chini ya mkunjo, au ndani zaidi karibu na mfupa wa shavu, ili kunyanyua kilichoshuka. Restylane iliidhinishwa Marekani mwaka 2003 na Juvéderm mwaka 2006. Kabla yake watu walikuwa wakichomwa kolajeni ya ng'ombe (kolajeni ni protini inayoipa ngozi uimara), iliyoidhinishwa mwaka 1981, na ilibidi kwanza ujaribiwe mkononi kuona kama mwili utaikataa. Matokeo ya fila unayaona siku hiyo hiyo, ila sehemu ya unachokiona ni uvimbe, kwa hiyo usishangilie wala usilie hadi wiki mbili zipite. Hudumu kati ya miezi sita na mwaka na nusu, kutegemea aina ya jeli na mahali ilipowekwa. Midomoni huisha upesi kuliko mashavuni.

Kundi la tatu huku kwetu halizungumzwi sana: sindano zinazouchokoza mwili utengeneze kolajeni yake wenyewe. Sculptra ni ya aina hiyo, na Radiesse, yenye chembechembe za kalsiamu, inajaza na kuchokoza kwa pamoja. Sculptra ina historia inayotugusa. Ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2004 haikuwa kwa ajili ya urembo bali kwa watu wenye VVU waliopoteza mafuta ya mashavuni. Anayezikumbuka ARV za miaka ile anaikumbuka d4T, yaani stavudini. Ilikuwa ya bei nafuu na iliokoa maisha, lakini iliwabonyeza watu mashavu kiasi kwamba mtaa mzima uliweza kukisia nani anameza nini. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iondolewe hatua kwa hatua, na mwaka huo huo Marekani ikaruhusu Sculptra kwa mikunjo ya kawaida ya uso. Matokeo yake hayaji haraka: unachomwa mara kadhaa, kwa kupishanisha wiki, na uso unajaa taratibu kwa miezi. Yakija yanaweza kukaa miaka miwili.

Ikienda vibaya, inarudi?

Mimi ningezilinganisha zote kwa swali hilo kabla ya bei na kabla ya uzuri.

Botox ikienda vibaya, ubaya wake una tarehe ya mwisho. Jambo linaloogopwa zaidi kwa dozi za urembo ni kope kushuka, jicho moja likabaki nusu limefumba. Hakuna sindano ya kuifuta sumu ikishaingia kwenye msuli. Utavaa miwani ya jua na kusubiri wiki kadhaa, na kope itapanda yenyewe. Inaudhi, hasa kama kazi yako ni kukaa mbele ya watu, lakini inapita. Nyusi zilizopinda juu kama za mchawi wa filamu hurekebishwa kwa tone dogo la nyongeza.

Fila ya asidi ya hayaluroniki haina haraka ya kuondoka, lakini ina kifutio. Kuna kimeng'enya kiitwacho hayaluronidezi ambacho kikichomwa palepale kinaiyeyusha jeli, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Shavu limezidi, jeli imehamia chini ya jicho ikaacha kivimbe cha samawati, mdomo umepinda: vyote hivyo vinaweza kuyeyushwa.

Sculptra na Radiesse hazina kifutio hicho. Zikiacha vinundu chini ya ngozi, utavikanda, utavichoma dawa, utavisubiri. Na zipo fila za kudumu kabisa, zenye chembe za plastiki, ambazo mwili hauzimalizi. Chini ya hapo kuna silikoni ya maji, ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani haijawahi kuiidhinisha kwa kujaza mikunjo, lakini bado inachomwa kwa siri vyumbani mwa watu, sehemu nyingi duniani. Silikoni inaweza kukaa kimya miaka, kisha ikaanza kuvimba na kuwa ngumu, na kuitoa ni upasuaji unaoacha makovu.

Kwa hiyo kwa anayeanza ushauri wangu ni mfupi. Kama tatizo lako ni mstari unaotembea, Botox au ndugu zake. Kama ni bonde, fila ya asidi ya hayaluroniki. Visivyofutika usianze navyo, hata kama vina hesabu nzuri ya kukaa muda mrefu. Uso wa mtu wa miaka 38 si uso atakaokuwa nao akiwa na 50, na kilichowekwa mahali pazuri leo kinaweza kuwa mahali pabaya mashavu yakishashuka.

Hatari ambayo tangazo haliitaji

Fila inaingia kwa sindano mahali palipojaa mishipa ya damu. Ncha ikiingia ndani ya mshipa, jeli inasukumwa humo na kuuziba. Ngozi iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule inakosa damu na kuanza kufa. Hiyo ndiyo sura ya kawaida ya ajali hii. Sura mbaya zaidi ni hii: mishipa ya kati ya nyusi, ya puani na ya paji imeunganika na ile inayolisha jicho. Jeli ikisukumwa kwa nguvu inaweza kurudi nyuma hadi huko, na mtu akapoteza uwezo wa kuona akiwa bado kitini. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo rasmi kuhusu hili mwaka 2015. Ni ajali adimu, lakini upofu wake mara nyingi haurudi, kwa sababu muda wa kuliokoa jicho unahesabiwa kwa dakika.

Ndiyo maana nasema ndita si mahali pa kujaribia fila. Hata mstari ukiwa umejichora, anza na Botox, mpe msuli likizo kwa awamu mbili tatu, na mara nyingi mstari wenyewe unapungua kina kwa kuwa hakuna tena kinachoukunja.

Kuna jambo la kwetu sisi wenye ngozi nyeusi ambalo mafunzo mengi yaliyoandikwa kwa ngozi nyeupe hayalipi uzito. Dalili ya kwanza ya mshipa kuziba ni ngozi kupauka, kisha kuwa na mabaka kama mtandao wa buibui. Kwenye ngozi nyeupe unaiona mara moja. Kwenye ngozi ya kahawia iliyokolea inajificha, na mtu anaweza kurudishwa nyumbani akiambiwa ni alama ya kawaida ya sindano. Kwa hiyo usitegemee rangi peke yake. Maumivu makali yasiyolingana na sindano, ubaridi wa ngozi, eneo linalochelewa kurudisha damu ukilibonyeza kwa kidole, na baadaye vipele vyenye usaha vilivyopangana kufuata njia moja: dalili yoyote kati ya hizo inakurudisha kwa daktari usiku huo huo, si Jumatatu.

Swali linalofuata linajibu lenyewe kama uko kwa mtu sahihi. Muulize, kabla hajafungua chochote: "Daktari, hayaluronidezi unayo hapa?" Akikuonyesha kwenye friji, endelea na mazungumzo. Akianza kukueleza kwamba kwake hajawahi kupata shida, shukuru uage.

Hilo pia ndilo linalonipa mashaka na fila za safarini. Ndugu zetu wengi hupitia Dubai au Istanbul na kurudi na uso mpya. Botox ya safarini sina ugomvi nayo sana. Fila ni tofauti: vinundu na maambukizi vinaweza kuibuka wiki au miezi baadaye, na wakati huo aliyekuchoma yuko ng'ambo, jina la jeli hulijui, na daktari wa hapa anaanza kwa kubahatisha. Na zile kalamu za hayaluroni zinazosukuma jeli kwa mgandamizo bila sindano, zinazouzwa mtandaoni kama kifaa cha nyumbani, usiziguse kabisa. Mamlaka ya Marekani ilizionya mwaka 2021, kwa sababu mgandamizo hauchagui unapiga ngozi au mshipa.

Ngozi nyeusi haizeeki kwa mpangilio ule ule

Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi yetu, ni kinga. Mistari midogo ya jua, inayowatokea Wazungu wakiwa na miaka thelathini hivi, kwetu huchelewa, kwa wengi miaka kumi au zaidi. Kinachotuzeesha mapema ni mafuta ya katikati ya uso kupungua na kushuka, mifuko chini ya macho, na rangi isiyolingana. Ukichukua orodha ya mapendekezo iliyotengenezewa mteja wa Beverly Hills ukaileta Masaki au Westlands, utamchoma mtu paji lisilo na shida na kuyaacha mashavu yanayomsumbua.

Lingine ni alama. Kila tundu la sindano ni jeraha dogo, na ngozi yetu hujibu jeraha kwa doa jeusi linaloweza kukaa muda mrefu kuliko hata faida ya sindano yenyewe. Mwenye historia ya kovu la keloidi, lile linalovimba na kukua kupita jeraha, anapaswa kulisema kabla. Sindano nyembamba za Botox mara chache huleta keloidi usoni, lakini kwa fila hilo ni jambo la kujadiliana kwa makini, na mchomaji anayetumia mirija butu badala ya sindano kali hupunguza idadi ya matundu.

Na kama umewahi kutumia mkorogo, sema pia. Usione haya, daktari wa ngozi ameshaviona vyote. Krimu nyingi za kung'arisha zilizokamatwa kwenye masoko yetu zina steroidi kali, na steroidi ikipakwa usoni miezi mingi inaifanya ngozi iwe nyembamba, mishipa ionekane, mikunjo ije kabla ya wakati wake. Ngozi ya namna hiyo haipaswi kukimbizwa kwenye sindano. Inahitaji kwanza kuachishwa ile krimu kwa utaratibu, chini ya daktari, na kupumzishwa.

Tyubu inayodharauliwa

Mistari myembamba iliyojichora kila mahali, ngozi iliyokwaruza, madoa: hapo sindano zote mbili zinapitwa na tretinoini, dawa ya kupaka inayotokana na vitamini A. Marekani iliiidhinisha kwa mistari midogo mwaka 1995. Inafanya kazi polepole mno kwa mtu mwenye harusi mwezi ujao, kwa kuwa inahitaji miezi mitatu hadi sita kabla hujaona kitu. Unaanza usiku, mara mbili kwa wiki, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima. Ukizidisha kwa pupa utababuka, na kubabuka kwetu maana yake madoa. Mjamzito haitumii.

Ya pili ni mafuta ya kukinga jua. Mwaka 2013 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima 903 kwa miaka minne na nusu: waliopangiwa kupaka kinga ya jua kila siku ngozi yao ilionyesha uzee pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka wanavyojisikia. Watafitiwa wengi walikuwa Wazungu, na ngozi nyeusi ina akiba yake ya melanini, lakini madoa tunayoyalalamikia yanachochewa na jua hilo hilo. Kwa wasiopenda weupe unaobaki usoni, zipo zilizotiwa rangi. Na ujuzi wa kutengeneza kinga ya jua tunao: kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikitengeneza Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao jua si suala la mikunjo bali la saratani.

Pesa, bomba na kichupa

Bei za kliniki hubadilika na dola, kwa hiyo nitazungumzia jinsi zinavyopangwa. Botox huuzwa kwa yuniti au kwa eneo, fila kwa bomba la mililita 1. Ukiona fila ina bei ya kukushtua kuliko Botox, kumbuka Botox utairudia mara tatu kwa mwaka na fila huenda mara moja. Kwa mwaka mzima zinaweza kukaribiana, na bonde la mashavu yote mawili mara nyingi halitoshelezwi na bomba moja.

Kwenye Botox ndiko watu wanakopunjwa bila kujua. Kichupa cha yuniti 100 ukikiinua kwenye mwanga utadhani ni kitupu, chini kuna utando mweupe tu. Mchomaji anaingiza maji ya chumvi. Akiweka mililita 2.5, kila mstari wa mililita 0.1 kwenye bomba unabeba yuniti 4, na ndita, kwa kipimo kilichoidhinishwa, zinahitaji yuniti 20 zilizogawanywa pointi tano. Akiweka mara mbili ya maji hayo, bomba litaonekana limejaa vilevile na nguvu ni nusu. Kuongeza maji si kosa lenyewe, wapo madaktari wenye sababu zao. Kosa ni kuuziwa kwa bomba. Wewe uliza yuniti ngapi, na yuniti za nini, maana Dysport kwa ndita hizo hizo ni yuniti 50 na hesabu yake haibadilishwi na ya Botox. Wanaume, kwa kuwa misuli yao ya uso ni minene, kwa kawaida huhitaji zaidi.

Kichupa kifunguliwe mbele yako. Botox huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na ikishachanganywa kampuni inataka itumike ndani ya saa 24. Kwenye miji ambayo umeme hukatika, ni haki yako kuuliza friji inategemea nini. Xeomin inavumilia joto la kawaida la chumba kabla ya kufunguliwa, jambo ambalo kwa kliniki za mikoani si dogo.

Bandia zipo, na si za kwetu tu. Aprili 2024 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa ilitangaza watu 22 katika majimbo 11 walioathirika baada ya kuchomwa sindano zilizodaiwa kuwa Botox, wote wakiwa wamechomwa na watu wasio na leseni au mafunzo, au nje ya mazingira ya tiba, na 11 walilazwa. Dalili zilikuwa zile za sumu iliyosambaa mwilini: macho kuona mbilimbili, kope kushuka, shida ya kumeza, kupumua kwa tabu. Ukipata hizo baada ya sindano ya urembo, ni hospitali mara moja. Kabla ya hapo, jina la dawa litafute kwenye orodha ya mamlaka ya nchi yako, TMDA kwa Tanzania, Bodi ya Dawa na Sumu kwa Kenya, NDA kwa Uganda, Rwanda FDA kwa Rwanda, na jina la mchomaji ulitafute kwenye baraza la madaktari. Cheti cha kozi ya siku mbili kilichotundikwa ukutani saluni hakimfanyi mtu kuwa daktari. Uingereza, ambako fila haikuwa ikihesabiwa dawa ya kuandikiwa, ilibidi watunge sheria mwaka 2021 kuzuia watoto chini ya miaka 18 wasichomwe huko England.

Anayepaswa kuacha kwanza

Mjamzito na anayenyonyesha, zote mbili zisubiri. Mwenye ugonjwa wa misuli kulegea kama mayasthenia gravisi asiguse Botox. Anayechomwa jentamaisini au antibiotiki za kundi lake amwambie daktari, kwa sababu zinaikuza nguvu ya sumu. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe aikwepe Dysport. Mwenye chunusi zenye usaha au vidonda vya homa mdomoni asichomwe fila hapo hadi vipone.

Waislamu huuliza kilichomo, na ni swali la haki. Botox, Dysport na Xeomin zina albumini inayotokana na damu ya binadamu, ilhali jeli za hayaluroniki kama Restylane hutengenezwa kwa kutumia bakteria, si mnyama. Kuhusu kubadilisha umbile, hilo mwachie shehe wako. Mimi naishia kwenye lebo.

Mwenye shughuli mbele, send-off au harusi, apange nyuma kutoka tarehe ile. Botox mwezi mmoja kabla, ili picha kamili ionekane na kasoro irekebishwe. Fila vivyo hivyo, kwa kuwa uvimbe na mavilio ya damu huchukua wiki mbili kuisha, na usianze zote mbili kwa mara ya kwanza wiki moja, maana kitu kikienda mrama hutajua kipi kimekosea. Baada ya Botox usikande uso siku hiyo. Baada ya sindano yoyote omba uandikiwe jina la dawa, namba ya toleo iliyo kwenye kichupa au boksi, yuniti au mililita, na kila sehemu ilipochomwa. Upige picha ile karatasi uitunze kwenye simu, na usikubali Botox ya nyongeza kabla ya miezi mitatu, zaidi ya ule urekebishaji mdogo wa wiki ya pili.